Debe la Udongo

Yotamu wa Kilolo alikuwa na kazi ambayo ukimtajia mtu wa leo atacheka mpaka ashike mbavu: alikuwa mpiga mambo. Si mambo haya ya kusengenya majirani, la. Mambo ile ya chuma, ndefu kama mkono wa mtu mzima, yenye ncha, inayogongwa ardhini kwa nyundo ya ratili kumi na nne. Kambi ya barabara ikihamia mahali papya, yeye ndiye aliyeshuka wa kwanza. Mahema hayajasimama, mpishi hajapata mafiga, Yotamu tayari ametemea viganja mate na anagonga. Na alivyojisifu nayo! Ungedhani ndiye aliyeishikilia Tanganyika isipeperuke.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita. Kampuni moja, jina lake tuliache lilale, ilikuwa ikipanua barabara kutoka Iringa kwenda Mbeya, na kambi yake ilisogea kila baada ya siku nne tano kama kinyonga mwenye haraka. Katika kambi hiyo palikuwa na tela moja lililozibwa kwa bati pande zote, kwa sababu vumbi la njia ile lilikuwa haliombi ruhusa. Ndani ya tela ndimo walimozibia matairi ya malori na magreda. Unakwangua mpira, unapaka solusheni, unabana kwa chuma cha moto. Solusheni ile ukiivuta robo saa kichwa kinakuwa chepesi. Ukiivuta saa nzima unaanza kuwasalimia marehemu wa ukoo. Ndiyo maana tela lilifungwa feni mbili, moja ya kuingiza hewa na moja ya kutoa, nazo zilikula umeme wa injini ndogo iliyowekwa nje.

Mwenye umeme alikuwa Matano, mtu wa Iringa mjini ambaye babu yake alipanda kutoka pwani na msafara wa biashara akaoa hukuhuku. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Siku Yotamu alipokabidhiwa nyundo, pale Ipogolo, ukingoni mwa mji wa Iringa, Matano alimzungusha kwenye tela kama anayemwonyesha bwana harusi chumba.

"Injini haikai karibu na tela, Yotamu. Moshi wake hauna adabu. Feni itaunyonya, itawaletea ndani, mtalala usingizi usio na asubuhi. Hatua thelathini, tena upande upepo unakokwenda, si unakotoka. Waya usilale kwenye dimbwi. Kiungo cha waya kikae juu ya jiwe."

"Na hii chuma, fundi?"

"Hiyo ni athi."

"Athi ndiyo mdudu gani?"

"Ardhi, bwana wee. Ardhi! Wazungu wanaiita hivyo. Sikiliza. Tela hili limevaa viatu vya mpira, halikanyagi chini. Umeme ni mgeni. Ukimkaribisha ujue atatokea wapi, maana ukimnyima mlango atatoka kwa kukupitia wewe. Siku waya ukichubuka ndani ya feni, bati lote hili litakuwa na umeme, na wewe uliye pekupeku utakuwa ndiye mlango. Lakini chuma hiki kikiwa kimezama, na waya huu umekifunga na tela, umeme unakimbilia chini, fyuzi inakatika, feni zinasimama, mnatoka nje mkinitukana. Nitukaneni tu. Matusi hayajaua mtu."

Yotamu alikuna kichwa. Darasa alilofika lilikuwa la tatu, akatolewa kwenda kuchunga.

"Kwa hiyo umeme unataka udongo."

"Naam, udongo. Tena wenye majimaji, mkavu haufai."

Hapo ndipo kosa lilipopandwa, msomaji, na aliyelipanda wala hakujua ana mbegu mkononi. Matano alisema ardhi. Yotamu akasikia udongo. Ukiyatazama kwa haraka, maneno hayo ni ndugu.

Ndani ya tela, fundi wa matairi alikuwa Sedekia, kaka wa Yudith, mke wa Yotamu. Kwao ni mlimani nyuma ya Uyole, karibu na Mbeya, na ni Yotamu aliyemtafutia kazi hiyo. Shemeji hawa walikuwa hawawezi kukutana bila kuchokozana. Yotamu akigonga chuma, Sedekia hutoa kichwa mlangoni.

"Shemeji! Jana ulipanda, leo imechipua?"

"Imechipua. Itazaa nyundo, nikugonge nayo."

"Mdogo wangu aliolewa na mkulima wa misumari, maskini!"

Sedekia na Yudith walifiwa na mama wakiwa wadogo, wakalelewa na mke mdogo wa baba yao, Marta, ambaye hakujaliwa kuzaa wa kwake. Baba naye alipokufa, Marta akabaki peke yake katika nyumba yake ya mianzi na nyasi. Krismasi ya mwaka ule Sedekia alipokwenda likizo, Marta alimwomba amwezekee paa, maana lilikuwa limeoza na masika yalikuwa mlangoni. Sedekia akasema kesho, kesho, mpaka likizo ikaisha. Siku ya kuondoka Marta alisimama mlangoni pa kanisa, watu wakiwa ndio wanatoka ibadani, akamwambia kwa uchungu:

"Nenda tu mwanangu na matairi yako. Mvua itakayoninyeshea mimi, na wewe itakuona."

Watu walisikia. Wengine walicheka. Maneno ya mama aliyekasirika ni kama moshi wa jikoni, hutoka na kupotea. Haya hayakupotea.

Mwezi wa Januari Matano alianza kukohoa kikohozi kibaya, akarudishwa Iringa hospitali, na kampuni haikuleta fundi umeme mwingine. Akiwa amekaa nyuma ya lori, blanketi mabegani, alimwita Yotamu.

"Chuma ndani ya ardhi. Kila kambi. Usinidanganye."

"Mimi? Fundi, mimi nikugongee mpaka Tunduma!"

Kambi iliyofuata ilikuwa Igawa. Kama hujawahi kuchimba shimo Igawa, mshukuru Mungu wako. Pale juu ni changarawe, chini ni jiwe, na chini ya jiwe ni baba yake jiwe. Yotamu aligonga asubuhi nzima. Mambo ikapinda kama mkia wa mbwa. Akainyoosha, akasogea hatua kumi, akagonga tena, ikapinda tena. Bega la kulia likaanza kumlilia. Msimamizi alikuwa anapiga kelele kwamba greda mbili zimelala hazina matairi. Kufikia adhuhuri bati la tela lilikuwa linachoma, feni zimezimwa, na Sedekia alitoka nje akaegemea gurudumu, akatapika.

"Shemeji," akasema akijifuta mdomo, "hii dawa itaniua. Washa hizo feni."

"Sijamaliza athi."

"Athi, athi! Mimi nakufa kwa harufu, wewe unatafuta athi! Una akili au una nyundo tu?"

Hilo la akili lilimwingia Yotamu kuliko jua. Akakaa juu ya jiwe akafikiri, na ajabu ya mtu asiyezoea kufikiri ni kwamba akipata wazo moja huliona ni mwana wa mfalme. Umeme unataka udongo. Basi kwani lazima umpeleke mgeni kwa udongo? Mletee udongo nyumbani!

Alichukua debe tupu la mafuta ya taa, akatembea mpaka bondeni kwenye shamba la mtu, akalijaza udongo mweusi unaonata, akaurudisha kichwani. Akaliweka ndani ya tela, kwenye kona, juu ya sakafu ya mbao. Akasimika kipande cha mambo katikati, akafunga waya, akamwagia maji vikombe viwili. Kisha akatoka nje kama kasisi aliyemaliza misa.

"Washa."

Feni zikazunguka. Harufu ikatoka. Sedekia alichungulia kona, akaliona debe, akapiga kofi pajani.

"Shemeji! Sasa umehamia bustani za ndani!"

"Cheka. Hata Matano na Kiswahili chake hakuwaza hili."

Na kweli, hakuwaza. Hakuna mtu mwenye akili zake ambaye angewaza. Udongo wa debe umekaa juu ya mbao, mbao juu ya chuma, chuma juu ya mpira. Hauna njia ya kwenda popote. Ni kama kumfungulia mgeni mlango wa kabati. Lakini kosa lisiloadhibiwa siku hiyohiyo hufanana sana na akili. Chimala debe lilifanya kazi. Kambi mbili zilizofuata lilifanya kazi. Kila kambi wenzake wakichimba na kugonga, Yotamu alikuwa anakunywa chai, na asubuhi humwagilia debe lake vikombe viwili, kama bibi na ua lake. Msimamizi akamsifu kwamba anaokoa muda. Yotamu akaanza kutembea kifua mbele. Alimwandikia Yudith barua, kwa mkono wa karani, kwamba siku hizi yeye ni nusu fundi umeme.

Masika yalipokaza walikuwa Igurusi. Asubuhi moja Sedekia alishika mlango wa tela, akauachia haraka, akatikisa vidole.

"Shemeji, mlango huu una upupu."

Yotamu akaugusa. Ukamwasha kidogo, kama kiwavi. Ndani ya feni ya kutoa hewa, mtikisiko wa safari ulikuwa umeuchubua waya, ila siku hizo hakuna aliyejua.

"Ni baridi ya Mbeya inakukaribisha nyumbani," alisema. Lakini moyoni alikumbuka majimaji ya Matano, akaenda akaongeza debe vikombe viwili vingine.

Wakahamia Uyole. Sedekia alifurahi, maana mlimani kwao palionekana kwa macho. Alisema Jumapili atapanda, amwezekee mama paa, liishe hilo deni la maneno. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Baada ya chakula cha mchana mvua ilianguka kama inamwagwa, radi zikinguruma upande wa mlima Mbeya. Ilipopungua, Sedekia alitoka pekupeku kuchukua tairi lililokuwa limelala nje. Alilivingirisha kwa mkono wa kushoto katika matope mpaka mlangoni, akanyoosha wa kulia, akashika komeo.

Yotamu alikuwa chini ya turubai, hatua kama ishirini, ana kikombe mkononi. Akamwona Sedekia amesimama anatetemeka, meno nje, kichwa nyuma, hauachii mlango. Na Yotamu, Mungu amsamehe, alicheka.

"Acha mzaha shemeji! Upupu umekuwa mkubwa?"

Alicheka mara ya pili. Mara ya tatu hakucheka. Kikombe kikaanguka. Alikimbia si kwa Sedekia bali kwa injini, kwa sababu kitu kimoja alichokishika sawasawa katika mafunzo yake yote ni kwamba aliyenaswa hagusiki. Aliizima. Sedekia akaanguka chali, tairi likamwangukia kifuani, naye hakulisukuma.

Radi ikanguruma tena mlimani. Watu walipokuja mbio, mmoja alisema neno, wa pili akalirudia, wa tatu akalithibitisha. Radi. Imempiga radi. Msimamizi alisema radi. Bwana Mkubwa wa kampuni alikuja na gari lake, akatazama tela kwa mbali, akaandika radi. Ilikuwa radi nzuri, ilimfaa kila mtu.

Walipokuwa wanamfunika Sedekia, Yotamu aliingia ndani ya tela, akabeba debe, akaenda kulimwaga mtaroni. Akalisuuza. Kisha akachukua mambo ya akiba na nyundo, kwa sababu mikono ilikuwa inatafuta kazi, akagonga pembeni ya tela. Udongo wa Uyole ni laini, umelewa mvua. Chuma kilizama mpaka shingoni kwa mapigo sita. Akakifunga waya wa tela, akasimama akikitazama. Mapigo sita.

Kampuni ilisimamisha kazi ya tela kwa siku tatu za msiba. Sedekia alizikwa mlimani kwao Ijumaa, kwa nyimbo za kanisa na ukungu. Baada ya kaburi kufukiwa, wazee walikaa. Aliyeongoza alikuwa Asukile, baba mdogo wa marehemu, mzee wa kanisa, mtu mwenye sauti ya chini inayokufanya usogee.

"Mvua ilinyesha kwa watu wote," alisema Asukile. "Kambi ile ina watu sabini. Radi ikawapita sitini na tisa, ikamwona mmoja. Radi haina macho. Mwenye macho ni aliyeituma."

Hakuna aliyemtazama Marta, na hivyo ndivyo kila mtu alivyojua ni nani. Maneno ya mlangoni pa kanisa yakatolewa yalikokuwa yamehifadhiwa. Mvua itakuona. Si alisema? Na imemwona. Marta alikuwa amekaa chini kwenye majani ya migomba, nguo imefungwa kichwani, hakujitetea. Alisema tu, "Nilikuwa naomba paa." Ikaamuliwa kwamba siku ya kuanua matanga, Jumapili, aondoke asirudi. Aende wapi? Ndugu zake wa tumbo moja walikwisha wote. Mwanamke wa miaka sitini, kikapu kimoja, masika. Jumamosi asubuhi vijana wa ukoo walikuwa tayari juu ya nyumba yake wanang'oa nyasi, zile zilizooza na zile zilizokuwa bado nzima.

Yudith, ambaye lori la kampuni lilimfikisha usiku wa kuamkia maziko, alimfuata mumewe nyuma ya nyumba ya Asukile, kwenye migomba. Macho yake yalikuwa yamevimba mpaka yakawa mistari.

"Baba Liberatus," alimwita kwa jina la mtoto wao. "Wewe ulikuwepo. Uliiona hiyo radi?"

"Ilinguruma."

"Sikukuuliza kama ilinguruma."

Yotamu akachuma kipande cha jani la mgomba, akakikunja, akakikunjua.

"Mama huyu alinitafunia chakula nikiwa sina meno," alisema Yudith. "Mimi na yule tuliyemzika jana. Kama unajua kitu, sema. Kama hujui, niambie sasa hivi hujui, niende nikamsaidie kufunga kikapu."

Yotamu alikikunja tena kile kipande cha jani. Yudith alisubiri, kisha akaenda kufunga kikapu.

Mtu anaweza kuwa na mabega ya kuzamisha chuma kwenye jiwe, na ulimi wake ukashindwa kunyanyua neno moja. Yotamu alikaa na neno lake Jumamosi kutwa. Alikaa nalo wakati wa ugali, akakaa nalo wakati wa sala. Jumapili, watu wamekusanyika, Marta amesimama na kikapu chake na ile nyumba nyuma yake imebaki mbavu tupu, Asukile alifungua kinywa amwambie aende. Yotamu akasimama.

"Haikuwa radi. Ni mimi."

Akasimulia lote. Feni, athi, jiwe la Igawa, debe. Alipofika kwenye debe, mtu mmoja alicheka kwa pua. Asukile aliinua mkono.

"Mume wa binti yetu, tunakuheshimu. Lakini debe la udongo? Kila nyumba hapa ina udongo. Watoto wetu wanakula udongo. Umetumwa na mkeo umwokoe huyu."

"Sijatumwa."

"Basi mfiwa umechanganyikiwa. Kaa chini."

"Nipeni kuku wawili," alisema Yotamu.

Hilo waliliona lina maana. Wazee wa pale walikuwa wanakumbuka zamani, kabla ya Serikali kupiga marufuku, jinsi kweli ilivyotafutwa kwa dawa na kwa kuku. Wakateremka mlima wote, wanaume mbele, wanawake nyuma, Marta katikati na kikapu kichwani, mpaka Uyole kambini. Msimamizi alitaka kuwafukuza. Alipoona idadi yao akakumbuka ana kazi hemani.

Yotamu aliufungua waya wa tela kutoka kwenye ile mambo ya mapigo sita. Akajaza debe udongo, akaliweka kwenye kona yake ya zamani, akasimika kipande cha mambo, akaufunga waya. Akamwagia vikombe viwili. Kuku wa kwanza, jogoo mwekundu, alimfunga mguu kwa uzi wa shaba kutoka kwenye komeo la mlango, akamsimamisha kwenye dimbwi. Yeye mwenyewe akarudi kwenye injini, akasimama juu ya tairi kavu, akavuta kamba.

Feni zilizunguka vizuri kabisa. Jogoo alitandaza mbawa zote mbili kama anayetaka kuwika, akakakamaa, akalala.

Injini ikazimwa. Yotamu alitoa waya kwenye debe, akaurudisha kwenye chuma kilichozama ardhini, akamfunga kuku wa pili, tetea wa madoadoa, mahali palepale, dimbwi lilelile. Akavuta kamba. Feni ziliguna, kitu kikasema *ta!* ndani ya kisanduku cha fyuzi, zikasimama. Tetea alikung'uta manyoya, akadonoa uzi mguuni, akaona si mdudu, akauacha.

Mtu mmoja nyuma alianza kulia, na alikuwa Yudith.

Asukile aliinama akamgeuza jogoo kwa fimbo.

"Kwa hiyo tulisema kweli," alisema mwishowe. "Kulikuwa na aliyeituma. Ila tulikosea nyumba." Akamgeukia Yotamu. "Ulikuwa unajua kwamba litaua?"

"Sikujua, baba. Naapa sikujua."

"Mchawi anajua anachofanya. Ukimwogopa, anaacha. Wewe hata kukuogopa hakusaidii." Akavuta pumzi. "Marta arudi kwake. Wewe usilale tena mlimani kwetu. Mchana ukiwa na kazi pita, jua likielekea kuzama tusikuone."

Yotamu alimtazama mkewe. Yudith hakungoja kuulizwa.

"Nitabaki na mama," alisema. "Nyumba haina paa."

Kampuni haikumfukuza. Wangemfukuzaje? Kumfukuza ni kukiri kwamba haikuwa radi, na radi ilikwisha andikwa. Walibadilisha ile feni kimyakimya, wakamwambia afunge mdomo. Akaomba ruhusa ya siku saba. Kila asubuhi alipanda mlima na mzigo wa nyasi alizozikata bondeni, na kila jioni kabla jua halijazama aliteremka. Aliezeka peke yake. Yudith alimrushia mafungu ya nyasi kutoka chini. Marta alikuwa anakaa nje na yule tetea wa madoadoa, ambaye hakuna aliyethubutu kumchinja, anamenya maharage.

Siku ya nne Marta aliinua kichwa.

"Wewe."

"Naam, mama."

"Ijumaa nilikaa pale kwenye majani ya migomba. Jumamosi wakaning'olea paa. Siku mbili hizo ulikuwa wapi?"

Yotamu alikuwa na kamba ya mgomba mdomoni, kwa hiyo angeweza kusingizia kamba. Aliitoa.

"Nilikuwepo, mama."

Marta alirudi kwenye maharage yake. Hakumuuliza tena kitu chochote siku hizo, wala baadaye. Paa lilikwisha siku ya saba, mapema, na lilikuwa paa zuri, nene, lisilopitisha hata ukungu. Yotamu akashuka ngazi. Yudith alimpa maji ya kunawa, akapokea kata, akaingia ndani.

Mwezi wa Mei Yotamu alipanda lori mpaka Ipogolo kumtafuta Matano. Alimkuta kwenye kitanda cha kamba, amekonda, kofia imekuwa kubwa kuliko kichwa. Akamweleza yote mpaka kuku. Matano alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Nilikuambia ardhi," alisema.

"Nikasikia udongo, fundi."

"Ukaniuliza. Nikasema naam." Akakohoa mpaka akaishiwa. "Ningekuonyesha kwa mkono. Nilikuwa napenda kusikia maneno yangu." Akageukia ukutani, na Yotamu alikaa naye hapo mpaka adhana ya alasiri. Kabla ya kiangazi kwisha Matano alikuwa amezikwa.

Yotamu alibaki mpiga mambo. Kambini walimwita Radi, naye aliitika, maana ukikataa jina kama hilo ndipo linaposhika. Walipopita Mbeya wakafika Mbalizi, walipewa uwanja wa mwamba mtupu, mbaya kuliko Igawa. Alishusha nyundo akaanza. Siku ya kwanza alipinda mambo tatu. Fundi mpya wa matairi, mtu wa Njombe aitwaye Jailos, alikaa nje ya tela na matairi yake, feni zimezimwa, jua linampasua, akamwangalia bila kumtania. Msimamizi alikuja mara moja, akafungua mdomo, akaona debe tupu la mafuta ya taa limekaa karibu na hema la mpishi, akaufunga akaondoka.

Siku ya pili saa tano chuma kilipata ufa kwenye mwamba, kikaanza kushuka kidogo kidogo, unene wa kidole kwa kila mapigo kumi. Yotamu aliyahesabu kwa sauti. Alipofika sita alikuwa anarudia tena kutoka moja.